Bahari Haianzii Kipini

Ukitaja bahari hapa Majengo, mjini Meru, jibu ni lile lile: waachie watu wa Mombasa. Ajabu ni kwamba wapangaji wa serikali kule Nairobi nao wanafikiri vivyo hivyo. Tangu Januari 2025, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mashirika 42 ya umma yaunganishwe yawe 20, kila mtu amegeuka fundi wa kuunganisha. Kuhusu pwani, dawa inayosifiwa ni kukusanya ofisi zote za bahari chini ya paa moja, basi mambo yatanyooka.

Hayatanyooka.

Sikatai, ofisi ni nyingi mno. Mvuvi wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, ana kamati ya ufuo, ana kaunti, ana Huduma ya Uvuvi, ana walinzi wa pwani. Akigusa mkoko anakutana na watu wa misitu. Mpunguzieni, atashukuru. Lakini tope linaloteremkia uvuvi wake halitoki katika ofisi yoyote ya pwani.

Linatoka kwetu. Mvua ikishanyesha, shuka Mto Kathita ukatazame: nduma zimepandwa hadi majini, ukingo umelimwa, na mto mzima ni mwekundu. Kathita unaingia Tana chini ya bwawa la Kiambere, kwa hiyo hakuna bwawa la kuuchuja. Udongo wa Meru una njia nyeupe mpaka Bahari Hindi. Wenzetu wa Embu kisa chao ni kingine. Mto Rupingazi unaingia Thiba, Thiba unaingia bwawa la Kamburu, na udongo unatuama humo. Mabwawa matano ya Tana, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, yanatuwashia taa, ndiyo, lakini yamepunguza mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha delta. Maji ya mto yakilegea, ya chumvi yanapanda. Waulize wakulima wa mpunga wa Ozi, humo deltani.

Mto una mamlaka yake, TARDA, tangu 1974. Pwani ina yake tangu 1990. Kuzigawa hivyo ni kudhani kwamba maji hubadilika asili yakifika Garsen, kwenye delta. Na Katiba ya 2010, katika Nyongeza ya Nne, imezipa kaunti utekelezaji wa sera za hifadhi ya udongo na maji. Maana yake Kaunti ya Meru ni ofisi ya bahari, ila haijaambiwa, au imeambiwa ikaona ni mzaha.

Basi mkitaka kuunganisha, unganisheni huku juu na kule chini. Vyama vya watumiaji maji vipo kisheria. Kamati za ufuo vilevile. Zikalisheni meza moja, na hakuna kibali cha kuchota maji ya Kathita kitolewe kabla Kipini haijasikilizwa. Kikao cha kwanza kiwe Meru, wakati wa mvua za Novemba, na nauli ya wageni itoke kwenye hizo fedha tunazoambiwa zitaokolewa kwa kuunganisha mashirika.