Mwache mtoi atengeneze zimwi lake mwenyewe

Kila Oktoba ikifika mwisho, sisi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja kuna wasee wenye meno ya bandia na damu ya rangi wakielekea Westlands. Upande wa pili kuna shangazi anayetuma ujumbe mrefu kwa kundi la familia la WhatsApp, ati Halloween ni ya shetani, na utume kwa watu kumi kabla ya saa sita usiku. Katikati ya kelele hizo kuna mtoto wa miaka saba aliyeona malenge yenye macho kwenye katuni na anataka moja kama hilo. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie, kwa sababu ni wewe utakayeachiwa.

Najua utajitetea. Huna mtoto. Sawa, lakini una mpwa, una kitinda mimba wenu, una mtoto wa jirani kwa ploti anayebisha mlango wako kila Jumamosi akiomba gemu ya simu. Akikuambia, "Anko, tutengeneze mapambo ya Halloween," njia rahisi ni kutoa doh, ununue pakiti ya popo wa plastiki, ubandike ukutani, upige picha, yaishe. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2017, halafu tunanunua popo wa plastiki wa kutumika usiku mmoja. Wacha tu.

Msimamo wangu ni huu: usinunue. Na mkiamua kutengeneza, usimtengenezee. Kazi yako ni kukata pale panapohitaji wembe na kunyamaza pengine pote.

Kwanza, sherehe yenyewe ilianza hivyo. Kabla ya Marekani kuifanya biashara, watu wa Ireland na Scotland walichukua tanipu, kile kiazi kigumu cha jamii ya kabeji, wakaitoboa macho na mdomo kisha wakatia mwanga ndani. Ulikuwa msimu wa Samhain, mavuno yameisha na giza la baridi linaingia. Waayalandi walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, wakikimbia njaa, walikuta malenge: makubwa zaidi, laini zaidi, rahisi kuchonga. Jumba la makumbusho la Ireland linaonyesha nakala ya taa ya tanipu kutoka Donegal, na ukiiona picha yake hutalala. Ni mbaya, imekunjamana, meno yamekaa ovyo. Hakuna kiwanda kingeitoa vile. Mtu fulani alikaa na kisu na kilichokuwa shambani, basi.

Sisi nasi hatujakosa vya kutumia. Malenge usiyaguse, hayo ni ya kunywea chai asubuhi, na kuchonga chakula ili kioze kibarazani ni dharau mahali ambapo unga ukipanda bei tunajadili wiki nzima. Chukua trei ya mayai, ile ya karatasi. Kata vikombe vitatu vilivyofuatana. Cha kati ni mwili, viwili vya kando ukivikata upande wa chini vinakuwa mabawa. Paka mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi, funga uzi, ning'iniza. Huyo ni popo, na hujatoa hata shilingi moja.

Malenge yenyewe ni baluni na gazeti kuukuu. Unga wa ngano kikombe kimoja, maji vikombe viwili, chumvi kidogo isiote ukungu. Pika kwa moto mdogo hadi iwe kama uji mzito, iache ipoe. Mtoi achovye vipande vya gazeti abandike, matabaka matatu hivi. Halafu subirini. Mvua za vuli zikiwa zimeanza, hiyo kitu inaweza kuchukua siku tatu kukauka, na atakuuliza kila baada ya dakika kumi kama imekauka. Usiharakishe kwa jiko. Kusubiri ni sehemu ya kazi, na hicho popo wa plastiki hakifundishi mtu. Ikikauka, pasua baluni, wewe ukate macho, yeye apake manjano ya jikoni. Ndani weka tochi ya simu. Mshumaa hapana: karatasi, pazia, godoro na mtungi wa gesi ndani ya chumba kimoja, unajua mwenyewe hiyo hesabu.

Sasa hapa ndipo wengi wetu huharibu. Mnakumbuka CBC ilipoleta zile sanamu za kutishia ndege? Picha zilijaa mitandaoni, na zilikuwa tamu kweli: suti, kofia, tai. Lakini tusidanganyane, sanamu nyingi zilishonwa na mzazi saa tano usiku huku mwenye homuweki akikoroma. Mtoto alibeba asubuhi kazi ambayo hakuigusa. Alijifunza nini, isipokuwa kwamba mikono yake haitoshi? Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo usinichukue kama mtaalamu wa malezi. Lakini wewe na mimi tumekulia mitaa ambapo ball ilikuwa ya juala na gari lilikuwa la waya, magurudumu ya slipas kuukuu, na hakuna mzazi aliyetukagua. Gari likienda upande, ulikunja waya upya. Kwa hivyo mtoi akiweka jicho la malenge chini ya mdomo, liache hapo. Vidole vinakuwasha kurekebisha, najua. Viweke mfukoni.

Na shangazi wa WhatsApp? Simdharau. Kama kejani kwenu imani haikubali Halloween, usiingize popo kisirisiri ukamgombanishe mtoto na mamake. Lakini jina lenyewe linatokana na mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kikristo ya tarehe 1 Novemba, kwa hivyo mazungumzo yapo kama mnataka kuyafanya. Mkishindwa kuelewana, badilisheni zimwi. Kwani lazima liwe mchawi wa Marekani mwenye fagio? Mwulize nyanya akusimulie irimu, au zimwi lolote alilotishiwa nalo akiwa mdogo, kisha mpe mtoi katoni na makasi alichore vile alivyolisikia. Kila mtoto atatoa tofauti, maana hakuna katuni ya kuigiza. Na mtoto anayeogopa giza akishalitengeneza zimwi kwa mikono yake, akalipa jina, akaamua lina meno mangapi, mara nyingi ndiye huyo huyo anayelisalimia usiku akienda choo cha nje.

Saa mbili za Jumamosi, simu ikiwa ndani ya malenge badala ya mkononi mwako. Mtachafuka, gundi itaingia kwa nywele, na caretaker atauliza ni nini hiyo inaning'inia kwa ngazi.

Tarehe mosi mkishusha mapambo, trei za mayai huwasha jiko vizuri. Lakini muulize mwenyewe kwanza. Huchomi popo wa mtu bila ruhusa.