Cheti cha kilimo hai kiwe mali ya mkulima

Mkulima wetu hakungoja mgeni aje kumfundisha kwamba samadi hurutubisha udongo. Jambo lililo jipya kwake ni cheti. Mkulima wa buni mkoani Kagera, au wa pamba wilayani Meatu, hata kama hajapata kununua chupa moja ya sumu maishani mwake, zao lake haliwezi kuuzwa Ulaya kwa jina la kilimo hai mpaka ipatikane karatasi ya kuthibitisha hivyo.

Wapo wasemao kwamba karatasi hiyo ni unyonyaji mtupu. Sisi hatukubaliani nao. Mlaji aliye mbali hawezi kuliona shamba, na walaghai wapo kila mahali. Pasipo ukaguzi, apaliliaye kwa jembe na anyunyiziaye sumu kwa siri watalipwa bei moja. Tena tusijidanganye. Shamba lisilotiwa samadi wala mboji, wala kubadilishiwa mazao, ni shamba lililotelekezwa. Udongo wake unachoka japo haujaguswa na sumu, na huo si kilimo hai.

Tunalolipinga ni kuifanya orodha ya makatazo kuwa ndiyo kilimo hai chenyewe. Shirikisho la kimataifa la vyama vya kilimo hai, IFOAM, lilipitisha misingi minne mwaka 2005: afya, ikolojia, haki na uangalifu. Mkaguzi huweza kupima kama dawa iliyokatazwa imetumika, lakini haki haipimwi maabara. Katika sehemu nyingi cheti kimekuwa mikononi mwa kampuni inayonunua na kusafirisha, kwa kuwa ndiyo iliyolipia ukaguzi. Hivyo mkulima aliyevumilia miaka mitatu ya mpito kwa ajili ya mibuni yake, akimwendea mnunuzi mwingine, buni yake ni buni tu.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imekaza kamba zaidi. Kikundi sharti kiwe cha wakulima watupu, kiwe na hadhi ya kisheria, na wanachama wake wasizidi 2,000. Vikundi vikubwa vinalazimika kugawanyika, na kila kipande kina gharama zake za ukaguzi. Mzigo huo ni mzito kwa mwenye ekari mbili. Lakini humo humo mna mlango: sheria inayodai kikundi kiwe cha wakulima wenyewe inatoa nafasi ya cheti kurudi kwa mwenye jembe.

Hapa ndipo Vyama vya Ushirika vya Msingi vinapotakiwa kuamka. Kila mwanachama aelezwe mkutanoni cheti kimeandikwa kwa jina la nani, na nyongeza ya bei imekwenda wapi.

Kwa soko la nyumbani, Afrika Mashariki inavyo viwango vyake tangu mwaka 2007, na alama ya Kilimohai, pamoja na utaratibu wa wakulima kukaguana wao kwa wao kwa gharama ndogo. Shule na hospitali zinunuazo mboga kila siku zingeweza kuanza kuiulizia alama hiyo kesho asubuhi.