Mnunuzi Mmoja, Wakulima Maelfu

Mkulima wa Pemba hungoja miaka sita hadi minane mkarafuu wake uanze kuzaa. Msimu ukifika, matumba huchumwa kwa mkono kabla hayajachanua, hutengwa na makonyo yake, kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Mvua ikiyawahi, thamani huporomoka. Hatari zote hizo ni zake peke yake. Lakini zao likishakauka, ghafla huwa la taifa: sheria inamtaka aliuze kwa mnunuzi mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na akiliuza kwingine huitwa mhalifu.

Watetezi wa utaratibu huu hutuambia kwamba unamkinga mkulima dhidi ya walanguzi. Hoja hii si ya kubezwa. Wakulima wa iliki na mdalasini wa Muheza wako huru kumuuzia wamtakaye, lakini soko likianguka huanguka nalo. Hata hivyo, kumhakikishia mtu mnunuzi ni jambo moja, na kumkataza wanunuzi wengine ni jambo jingine. La kwanza ni kinga. La pili ni kifungo.

Historia imekwisha kutoa hukumu. Kwa miongo mingi, doria na mahakama zilishindwa kukomesha magendo ya karafuu kwenda Mombasa. Mwaka 2011, serikali ilipopandisha bei kwa kiasi kikubwa, karafuu zilirudi vituoni. Kumbe mkulima hakuwa msaliti. Alikuwa akipiga hesabu.

Tangu hapo tumeambiwa kwamba mkulima hulipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Vyema. Ni bei ipi, ya siku gani, na imethibitishwa na nani? Anayepima, anayepanga daraja, anayetaja bei na anayesafirisha ni yule yule mmoja. Mkulima akilalamika, ni kesi ya ngedere mbele ya hakimu nyani.

Shirika na libaki, liwe mnunuzi wa akiba mwenye bei ya chini iliyotangazwa kabla ya msimu. Vyama vya ushirika navyo viruhusiwe kukusanya na kuuza nje, na mikataba ya mauzo iwekwe hadharani. Ikiwa kweli Shirika ndilo lenye bei bora, mkulima atalifuata bila kushurutishwa.

Mapinduzi ya 1964 yaliwagawia wanyonge eka tatu tatu. Ardhi waligawiwa, mavuno bado hawajakabidhiwa.