KALENDA YA KAZI IWE MOJA

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nami nasema kalenda mbili hazikai katika biashara moja. Huenda ukacheka, ndugu msomaji, ukidhani kalenda ni ile karatasi yenye picha ya simba ambayo wenye maduka hutugawia mwezi wa Desemba. Ngoja nikueleze, kisha uamue mwenyewe kama ninapayuka au nina hoja.

Mama yangu ana biashara ndogo ya kukodisha hema na viti mjini Nakuru. Watu wa kazi ni watano tu: mama mwenyewe, kaka yangu, dereva wa lori tunayemwita Mzee, na vijana wawili wa kubeba viti. Hema kubwa ni moja. Zamani mama alikuwa akiandika kazi katika daftari lake la mkobani. Kaka naye aliandika katika simu yake. Huko stoo kulikuwa na kalenda ya ukutani ambayo Mzee alikuwa akiizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa kalenda yake. Shida ni kwamba hakuna aliyetazama ya mwenzake.

Jumamosi moja ya Desemba 2023, nikiwa nyumbani likizoni, simu ya mama ililia asubuhi na mapema. Watu wa harusi walikuwa wakiuliza hema liko wapi. Lo! Hema lilikuwa limekwisha kusimamishwa upande wa pili wa mji, katika harusi nyingine kabisa. Mama alikuwa amepokea pesa za hawa, na kaka amepokea za wale. Pesa zilirudishwa, radhi ikaombwa, lakini wageni wa watu walishinda juani. Na unajua lawama zilimwangukia nani? Mzee! Nusura afutwe kazi. Yeye alisema kwa upole tu, "Mama, mimi nimeenda nilikotumwa." Maneno hayo yalinichoma moyo. Kweli mnyonge hana haki.

Jioni hiyo palizuka mjadala mkali nyumbani. Kaka alishikilia kuwa tutumie kalenda ya pamoja ya simu. Alitaja Google Calendar, ambayo ilianza mwaka wa 2006 na mtu wa kawaida haitozwi pesa kuitumia. Mwenye kalenda anaweza kumruhusu mwenzake kutazama tu, au kutazama na kuandika pia. Mama akiandika kazi akiwa sokoni, kaka anaiona akiwa stoo. Mama naye alisimama kidete kutetea kalenda ya ukutani. Haiishi chaji, haidai bando, na kila apitaye anaiona.

Kwa maoni yangu, kila mmoja wao alikuwa na nusu ya ukweli. Kalenda ya ukutani haimfuati mtu safarini. Mteja akipiga simu wakati mama yuko ndani ya matatu, atajuaje kama siku hiyo iko wazi? Kalenda ya simu nayo ina dosari zake. Bila mtandao unaweza kuandika, sawa, lakini mwenzako hataona ulichoandika mpaka bando lirudi. Fauka ya hayo, Mzee ana ile simu ndogo ya mulika mwizi. Ebu niambieni, kalenda ambayo dereva haioni ni ya pamoja kivipi? Hiyo ni ya wawili tu.

Isitoshe, kuna mitego midogo midogo inayotungoja sisi wasema Kiswahili. Wa kwanza ni saa. Mteja akisema "saa mbili asubuhi", simu inataka uandike 8:00. Mwenye haraka huandika 2:00, na hema likafika saa nane mchana watu wakikata keki! Wa pili ni tarehe. Kwetu 5/6 ni tarehe tano mwezi wa sita, lakini simu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa tarehe sita mwezi wa tano. Wa tatu ni sikukuu. Simu huweka tarehe ya Idd-ul-Fitr miezi mingi kabla, ilhali sikukuu yenyewe hungoja mwezi uandame, na yaweza kusogea kwa siku moja. Basi mwenye kukodisha hema la Idd asimwahidi mtu mwingine hema hilo hilo siku inayofuata. Atajikuta pale pale tulipokuwa sisi.

Kwa hivyo, watu wanaochagua kalenda ya kazi wasianze kwa kuuliza, "Ipi ni ya kisasa?" Waulize, "Ni nani kati yetu mwenye njia finyu zaidi ya kuiona?" Waanze na huyo. Akitoshelezwa yeye, wengine wote watatosheka.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwetu. Kalenda ya simu ndiyo hakimu, na pakitokea tofauti yoyote, yake ndiyo inayofuatwa. Mama na kaka ndio wanaoandika, vijana wanatazama tu. Kila jioni kaka hunakili kazi za juma kwa chaki kwenye ubao wa stoo, kisha humpigia Mzee na kumsomea za kesho. Saa huandikwa kwa njia zote mbili: 8:00, saa mbili asubuhi. Na sheria kubwa kuliko zote ni hii: hakuna kupokea hata shilingi moja ya mteja kabla kazi haijaandikwa.

Najua kuna atakayesema kwamba kuandika mara mbili ni kupoteza wakati na kualika makosa. Makosa yapo, sikatai. Kuna siku kaka alisahau kubadilisha ubao. Lakini Mzee alipoona ubao unasema hivi na simu ya jana ilisema vile, hakuwasha lori. Aliuliza kwanza. Zamani angekwenda tu, kisha alaumiwe. Je, dakika kumi za chaki si bei nafuu kwa jambo kama hilo?

Nitaongeza moja tu. Kabla ubao huo haujaandikwa neno la kwanza, mama alimwomba Mzee msamaha mbele yetu sote. Naamini hapo ndipo kalenda yetu ya pamoja ilipoanzia hasa. Watu wasioaminiana hata ukiwapa kalenda ya dhahabu, kila mtu atarudi kwenye daftari lake.

Wenzangu, baadhi yetu tutafungua biashara zetu baada ya shule. Wengine tayari ni viongozi wa vyama hapa hapa shuleni, ambako simu haziruhusiwi na ubao wa matangazo ndio kalenda yetu. Chagueni moja, muitii, na mhakikishe hata wa mwisho anaiona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.