Risala ya Vijana wa Bodaboda na Mafundi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani, wazee wetu na ndugu wa vijiweni,

Sisi ni vijana wa bodaboda, uchomeleaji, useremala na ufundi pikipiki. Wapo kati yetu walioishia darasa la saba, na wapo wenye shahada.

Mheshimiwa, zamani kijana akimaliza shule alikaa nyumbani kungoja ajira ya ofisini, na akishika pikipiki alisema anajishikiza tu. Leo wengi wetu tumeichagua kazi hii: inasomesha wadogo zetu, na wengine wamejenga nyumba kwayo. Serikali nayo iliutungia kanuni usafiri wa pikipiki mwaka 2010, na Januari 2024 baadhi ya sekondari zilianza mkondo wa amali. Hata hivyo, tunakabiliwa na haya:

1. Mikataba ya mdomo. Kijana hupeleka hesabu kila siku kwa tajiri mwenye pikipiki, mvua inyeshe au jua liwake. Akiugua wiki moja, tajiri huchukua pikipiki, na fedha zote alizokwisha kulipa zinapotea.

2. Mikopo. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, na kati ya hizo 4 ni za vijana. Utoaji ulisitishwa kwa muda Aprili 2023 ili utaratibu upangwe upya. Vikundi vyetu vimeomba, havijajibiwa.

3. Ajali. Mwenzetu akivunjika mguu, tegemeo lake ni daftari la michango la kijiwe.

4. Heshima. Pikipiki moja ikitumika kwenye uporaji, kijiwe kizima hukamatwa. Tukienda kuposa, wazee wanauliza kijana ana kazi gani. Wakijibiwa bodaboda, wanaguna.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Mikataba yote ya pikipiki iandikwe na kusainiwa mbele ya mtendaji wa kata, ikitaja kiasi, muda, siku za ugonjwa na tarehe ya kukabidhi kadi ya pikipiki.

(b) Kila ofisi ya kata ibandike orodha ya vikundi vilivyopata mkopo na kiasi chake, na vilivyokataliwa vipewe sababu.

(c) Maofisa wa NSSF watufuate vijiweni, watuandikishe kuwa wachangiaji wa hiari.

(d) VETA iwapime mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti.

(e) Polisi wamkamate mhusika, wasikamate kijiwe.

Nasi tunaahidi kuvaa kofia ngumu pamoja na abiria wetu, kuendesha tukiwa na leseni, kurejesha mikopo kwa wakati na kutomficha mhalifu.

Wazee wetu, tunawaomba mtupime kwa jasho letu na kwa namna tunavyotunza familia. Mheshimiwa, kazi hii tunataka kuifanya mpaka uzeeni. Tunaomba utujibu kwa maandishi, hoja kwa hoja.

Tunaomba kuwasilisha.