Fungu la kumi: ni deni au ni shukrani?

Mwisho wa mwezi ukifika, kuna nyumba nyingi jijini ambamo ugomvi hauletwi na pombe wala na mambo ya mapenzi ya nje. Huletwa na bahasha ya kanisa.

Chukua mfano wa bwana na bibi wanaoishi mtaani Umoja, Nairobi. Bwana ameandikiwa mshahara wa shilingi 40,000. Akishakatwa kodi ya serikali, NSSF, bima ya afya na ada ya nyumba, tuseme anatia mfukoni shilingi 33,000. Hapo mwenye nyumba anangoja 13,000 zake. Kuna karo, unga, stima, maji na nauli ya matatu. Kabla pesa hizo hazijapoa mkononi, bibi anataka fungu la kumi litolewe mwanzo.

"Baba watoto, pesa za Mungu hazichezewi," asema mke.

"Na mwalimu mkuu akimrudisha mtoto nyumbani, utampelekea bahasha ya kanisa?" auliza mume.

Hata wakikubaliana kutoa, swali jingine linazuka. Je, fungu la kumi ni la mshahara kabla ya makato, yaani shilingi 4,000, au ni la kile kilichofika nyumbani, yaani 3,300? Tofauti ni shilingi 700, na kwa mama anayepanga matumizi ya jikoni hizo si haba.

Katika nyumba nyingine mambo huwa kinyume. Mume ndiye mtoaji, naye mke ndiye anayelia. Almuradi ni vuta nikuvute, na watoto wanasikia yote kutoka chumba cha pili.

Basi, msomaji, tuulize bila kutafuna maneno: je, Mkristo analazimika kutoa fungu la kumi?

Wanaosema ndiyo wana hoja zao, na si hoja za kupuuzwa. Wanakumbusha kwamba Ibrahimu alimpa Melkizedeki sehemu ya kumi kabla ya Musa kuzaliwa (Mwanzo 14), na kwamba Yakobo aliweka nadhiri ya namna hiyo (Mwanzo 28). Wanataja Malaki 3, ambapo taifa linalozuia zaka linashtakiwa kuwa limemwibia Mungu. Tena wanasema kwamba Yesu mwenyewe, akiwakemea Mafarisayo waliohesabu hata majani ya kiungo, hakuwaambia waache kutoa (Mathayo 23:23).

Lakini tukizisoma sheria zenyewe, tunakuta jambo ambalo halisikiki sana mimbarini. Fungu la kumi la Israeli lilitozwa kwa mazao ya shamba na mifugo (Walawi 27). Lilipewa Walawi kwa sababu kabila hilo halikugawiwa ardhi kama makabila mengine (Hesabu 18). Kwa maneno mengine, mwenye shamba alimlisha yule aliyenyimwa shamba ili atumike hekaluni.

Fauka ya hayo, soma Kumbukumbu la Torati 14. Humo mtoaji anaelekezwa kulibeba fungu lake hadi mahali patakatifu, na huko alile pamoja na jamaa yake kwa furaha, bila kumsahau Mlawi. Ikiwa safari ni ndefu, aliuze, abebe fedha, na akifika anunue vyakula na vinywaji anavyopenda. Kisha kila mwaka wa tatu, fungu hilo liwekwe akiba mjini kwao ili wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane.

Ajabu, sivyo? Ni mara ngapi umesikia mhubiri akitangaza kwamba mwaka huu fungu la kumi lote ni la wajane na mayatima wa mtaa?

Hata Malaki 3 yenyewe husomwa nusu nusu. Aya ya tano ya sura hiyo, kabla ya habari ya zaka kutajwa, inaonya kwamba Mungu atawahukumu wanaomdhulumu kibarua mshahara wake na wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Hebu fikiria tajiri wa jiji anayepeleka bahasha nono kila Jumapili, huku yaya anayelea watoto wake hajalipwa miezi miwili. Nani hapo ameibiwa?

Ilipofika zamu ya kanisa la kwanza, mambo yalichukua mkondo mwingine. Katika Matendo 15, mitume na wazee walikutana Yerusalemu kuamua ni sheria zipi za Musa wawabebeshe waumini ambao si Wayahudi. Waliorodhesha mambo manne tu, yakiwemo kujiepusha na uasherati na vitu vilivyotolewa kwa sanamu. Fungu la kumi halimo katika orodha hiyo.

Mtume Paulo aliandika mengi juu ya kutoa. Aliwashauri Wakorintho waweke kitu kando siku ya kwanza ya juma, kila mtu kadiri ya alivyofanikiwa (1 Wakorintho 16). Baadaye akawaambia mtu atoe alivyokusudia moyoni, pasipo huzuni wala kushurutishwa (2 Wakorintho 9). Alitetea pia haki ya mhubiri kuishi kwa kazi yake ya kuhubiri, ingawa yeye binafsi hakuidai haki hiyo, na aliwahi kushona mahema ili apate riziki. Katika barua hizo zote hakuwatajia waumini asilimia 10.

Mashahidi wa baadaye wanasema hivyo hivyo. Karibu mwaka wa 197, Tertullian, Mwafrika wa Carthage katika nchi inayoitwa Tunisia leo, alieleza jinsi Wakristo walivyochanga. Kila mtu alitoa kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, wala hakuna aliyelazimishwa. Pesa hizo zilitumiwa kuwalisha na kuwazika maskini, kuwatunza mayatima na wazee, na kuwasaidia waliovunjikiwa na merikebu.

Basi lazima ilitoka wapi? Ilikuja kanisa lilipopata nguvu za dola. Mnamo mwaka wa 585, maaskofu waliokutana Mâcon, mjini Ufaransa ya leo, waliagiza zaka itolewe, na asiyetoa atengwe. Mwaka wa 779 mfalme Charlemagne akaifanya sheria ya nchi. Tangu hapo mkulima wa Ulaya hakuulizwa kama moyo wake una furaha. Ghala lake lilihesabiwa tu.

Matokeo yake yanajulikana. Wafaransa walipofanya mapinduzi mwaka wa 1789, zaka ilikuwa miongoni mwa mizigo ya kwanza kutupwa. Kule Uingereza, sheria ya mwaka 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na nyingine ya mwaka 1936 ikaanza kuyafutilia mbali malipo hayo. Kilichotolewa kwa viboko hakikuwaachia watu mapenzi ya kanisa.

Hata leo makanisa yenyewe hayasemi kwa sauti moja. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inawawajibisha waumini kusaidia mahitaji ya Kanisa, lakini haiwawekei wote asilimia. Waadventista Wasabato hufundisha fungu la kumi bayana, na fungu hilo hupelekwa kwa konferensi kugharimia kazi ya uhubiri, ilhali matumizi ya kanisa la mtaani hutegemea sadaka nyingine. Kwa hivyo anayekuambia kwamba Wakristo wote duniani wanakubaliana kuhusu asilimia 10 hajapita nje ya ua la kanisa lake.

Jibu langu, basi, ni hili: la, Mkristo hadaiwi asilimia 10 kama anavyodaiwa kodi ya nyumba. Lakini usishangilie mapema, msomaji. Kutolazimishwa kutoa kumi si ruhusa ya kutotoa hata moja.

Tazama wale wanaojua sana kubishana kwamba fungu la kumi ni mambo ya Agano la Kale. Aghalabu ni wao hao wanaotaka kanisa liwafungie ndoa, libatize watoto wao, liwatembelee wakilazwa hospitalini na liwazike wazazi wao kwa heshima. Mchungaji ana watoto pia, na wao hufukuzwa shuleni kwa karo kama wako. Lile hema la mabati mtaani lina kodi yake na bili yake ya stima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiye na unga atampokea mgeni na nini?

Tena sisi Waafrika tuna sababu ya ziada. Mwaka wa 1971, Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa kanisa la PCEA, aliwashtua wengi alipotaka wamishonari na pesa za ng'ambo zisitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea. Kanisa la kujitegemea haliendeshwi kwa nyimbo pekee. Linaendeshwa na waumini wanaotoa.

Na anayetoa kwa hiari huenda akapita kumi. Mjane wa Injili ya Luka 21 alitia sarafu mbili, na hizo ndizo alizokuwa nazo. Kwa mfanyabiashara anayeingiza shilingi milioni moja kwa mwezi, 100,000 haziwezi kumpunguzia hata kipande cha nyama mezani. Kwa mama anayeuza mboga kando ya barabara, kumi katika mia ni chakula cha jioni. Hesabu ni ile ile, ila maumivu si yale yale.

Hapo ndipo penye hatari kwa jamaa zetu. Mahubiri ya vitisho hayamfikii tajiri. Humfikia mama wa mboga, kijana asiye na kazi na mgonjwa anayetafuta muujiza. Anaambiwa kwamba shida zake zimetokana na kutotoa, naye anakopa kwa simu ili aukimbie ule mkosi. Wiki mbili baadaye ana shida zile zile pamoja na deni na riba yake.

Yesu aliwahi kulizungumzia jambo hili katika Marko 7. Kulikuwa na watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kisha wakakosa kuwasaidia baba na mama zao. Hakuwasifu. Alisema wameitangua amri ya Mungu kwa desturi zao. Naye Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Karo ya mtoto na dawa ya mzazi si mambo ya shetani yanayoshindana na Mungu. Ni sehemu ya ibada.

Sasa nyumbani mfanye nini? Kwanza, ketini pamoja, mume na mke, kabla ya siku ya mshahara. Afadhali shilingi 1,000 mlizokubaliana kwa moyo mmoja kuliko 4,000 zilizotolewa kwa siri na kuleta kununiana wiki nzima. Mke asimfiche mume, na mume asimnyime mke anayetaka kutoa katika jasho lake mwenyewe.

Pili, lipeni mlichomtumikisha mtu. Mshahara wa yaya, kodi ya mwenye nyumba na deni la dukani ni haki za watu wengine. Usimpe Mungu sadaka kwa pesa za jirani. Isitoshe, usikope ili utoe.

Tatu, ulizeni pesa zinakwenda wapi. Kanisa lenye mhazini, kamati na hesabu zinazosomwa mbele ya washirika halikasiriki likiulizwa. Pale ambapo kuuliza hesabu kunaitwa uasi, shika mfuko wako vizuri. Na ikiwa kanisa lako halina mlango wa kuwasaidia wajane na mayatima, hakuna aliyekukataza kupeleka sehemu ya sadaka yako kwa mjane wa ploti yenu.

Nawe mwanafunzi wa chuo unayejiuliza kuhusu pesa za HELB, kumbuka kwamba huo ni mkopo utakaolipa siku moja. Si mapato, na hakuna anayepaswa kukutia hofu juu yake. Lakini usingoje mshahara ndipo ujifunze mkono kufunguka. Mwanafunzi anayemfundisha mtoto wa jirani hesabu bila malipo Jumamosi tayari ameanza kutoa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Hawakusema kutoa ni hofu. Mhubiri anayeamini waumini wake wanampenda Mungu hana haja ya kuwatisha kwa laana, na muumini anayempenda Mungu hana haja ya kalkuleta ili apate kipimo cha chini kabisa.

Leo mkirudi kutoka kanisani, zungumzeni jambo hili mezani, watoto wakisikia. Safari hii wasikie mashauri, si ugomvi.

Hadi Jumapili ijayo, Mola akitujalia.