Chumba Kinatoka kwa Kitufe, Kikigoma Je?

Wadau, kuna kapo moja ya Marekani, majina nayaweka kapuni, kila siku inaturusha roho na gari lao ambalo ndani ni nyumba kamili. Dada anabonyeza kitufe, ukuta unasogea nje, sebule inapanuka. Komenti zote ni makopakopa tu.

Mi naona tunapewa nusu ya stori. Chumba kile ni kizito, kina makochi na makabati, na mingine inasukumwa na mota mbili ndogo, moja kila upande. Moja ikichelewa, chumba kinakaa mshazari na kukwama. Mipira ya pembeni ikichakaa, maji ya mvua yanapenya, sakafu ya mbao inaoza kimyakimya. Kikigomea nje ndo balaa, gari haliendi popote mpaka kirudi ndani.

Kwa mtu wa likizo ni usumbufu tu. Ila kwa aliyeuza nyumba ili aishi humo, hana pa kulala fundi akilichukua gari.

Msimamo wangu: kama ndo makazi yako, bora kisebule kidogo kisichosogea. Na mastaa watuonyeshe na siku ya fundi, sio kitufe tu.

Wewe ungechagua kipi? Tiririka hapo chini.